Hotuba Moja kwa Marehemu Wote

Maman Agathe mupendwa,

Nakusikiliza kwenye redio nikipiga pasi mashati yangu mwenyewe (utaelewa mbele kwa nini napiga mwenyewe), basi naomba unisaidie, na tafadhali usicheke kabla ya kufika mwisho. Mimi ni papa wa miaka hamsini na kitu, naishi Nyalukemba, nafanya kazi ya ofisi, tumbo langu linapita mulangoni kabla yangu, na katika familia nzima nimepewa kazi moja: kila kifo, mimi ndiye ninasoma hotuba ya kuaga marehemu, kwa Kifaransa, na koti, kwa sababu eti niko na sauti.

Hotuba ya kwanza niliandikia mama yangu muzazi. Niliandika kwenye telefone nikilia, namna alivyouza sambaza, vile visamaki vya ziwa, namna alivyokuwa anatia mukono kwenye mufuko wa koti langu la shule halafu ananusa vidole, ajue kama nimeanza sigara, na siku ile watu walilia hadi padri akatafuta kitambaa. Kisha tonton, mujomba wangu, akakufa, kisha jirani, nami nikachoka kuandika, ndipo mwenzangu wa kazi, Guylain, akanionyesha programu moja: unaingiza maandishi, unabonyeza, kila neno linaondoka na neno la maana ya karibu linaketi mahali pake, hakuna atakayejua kama aliisha kuyasikia. Nikaingiza ile ya mama, nikabadilisha jina. Marehemu aliyefuata nikaingiza ile iliyotoka, na mwingine vilevile, na kila mara watu: «Papa Zagabe, umesema vizuri!» Nami nilipokea sifa pamoja na sahani ya nyama.

Mwezi jana papa mukwe wangu, Mushagalusa, akatutoka. Tulimuzika kwao Mudaka. Nilisoma hadi mwisho, nikaanza kurudisha telefone mufukoni, ndipo mama mukwe, Maman Marcelline, akasema: «Asante, mukwe wetu. Lakini ndugu zake hapa hawasikii Kifaransa, na mimi nimeshika nusu. Utuambie sasa kwa Kiswahili, umesema nini juu yake?»

Maman Agathe, nilitazama ile telefone. Nikasema alikuwa mutu mwema. Alifanya kazi. Alithaminiwa na… mazingira yake. Nikapanda na kidole, nikashuka na kidole, hakukuwa kitu kingine. Mudogo wa marehemu, Muzee Mugisho, akauliza kwa sauti: «Huyu tunazika leo ni nani? Ao nimekosea kilio?» Watu wakacheka, Maman, mbele ya jeneza. Mama mukwe hakucheka. Alivuta kitambaa cha kichwa hadi kikafunika macho.

Bibi yangu Laurette, binti ya marehemu, alingoja tufike nyumbani, akauliza: «Ni ile ya mama yako?» Nikajibu ndiyo. «Basi nionyeshe ile ya mama yako.» Nikatafuta, haiko, kila mara ile mupya ilifuta ya zamani. Sambaza ikageuka samaki, ikawa chakula, sasa ni bidhaa. Ule mufuko wa koti umekuwa «alijali malezi».

Jumamosi tunamaliza matanga, na mama mukwe ameomba niseme tena. Laurette tangu siku ile hagusi tena mashati yangu, na anasema nikifungua telefone pale, yeye atabakia Mudaka. Shemeji yangu Didier ananishauri nijifanye mugonjwa. Nifanye nini?

Zagabe, Nyalukemba

*

Papa Zagabe,

Pole. Kwa tumbo lako nilicheka. Kwa mufuko wa koti niliacha kucheka.

Usiangushie programu kosa lako. Yenyewe haikumujua Papa Mushagalusa na haikuahidi kumujua. Wewe ulikula bugali kwake miaka yote hiyo, akakupa binti yake, na siku ya kumuzika ukamuvalisha nguo waliyozikwa nayo wengine. Na wale waliokusifu? Baba, kwenye kilio, sahani zikiwa njiani, nani atakuambia hotuba yako haina kitu?

Ugonjwa wa Didier, mwachie Didier. Mama mukwe hakukuomba kwa sababu ya sauti yako. Anakusimamisha tena mbele ya watu walewale waliocheka, na hiyo ni huruma ambayo mimi nisingekupa.

Kwa hiyo Ijumaa uende Mudaka, telefone ibakie kwa Laurette. Kaa jikoni na mama mukwe, useme: «Mama, sikumusema papa. Uniambie alikuwa nani.» Atakugombeza, kaa. Muzee Mugisho atakuchokoza, kaa. Jumamosi simama bila koti, useme kwa Kiswahili mambo mawili matatu uliyosikia, na moja uliloona kwa macho yako, kisha uketi. Kama hukuona hata moja, useme hivyo mbele yao. Na kama mama ataona afadhali aseme mutu mwingine, beba viti na ufunge mudomo.

Laurette usimubembeleze. Endelea na pasi.

Kuhusu mama yako, sina dawa. Yale maandishi yamekwenda, na hata ukikaa mezani mwaka muzima hutaandika kama siku ile, maana siku ile ulikuwa unalia. Lakini leo, ukimaliza kunisikiliza, chukua kalamu uandike kilichobaki kichwani kabla nacho hakijabadilishwa. Andika vidole alivyonusa. Andika sambaza. Sambaza, Papa Zagabe.