Gesti Isiyonuka Uraka

Jumanne, 5 Novemba 2024. Masasi

Nimefika. Miguu imevimba, basi limenishusha jua likiwa bado kali. Mtu wa kwanza kunisemesha katika nchi niliyozaliwa ameniambia, karibu sana kwetu. Kwetu! Nimemjibu asante, nikameza mate.

Nilizaliwa Mnyambe, huko juu Newala. Nilikuwa na miaka saba baba aliponichukua kwenda kwenye mkonge, Kwale. Paulina alibaki mgongoni kwa mama. Upande wa mama wakabatizwa, mimi kwa baba nikapelekwa chuo cha Kurani. Miaka na miaka huko Kenya sikuwa na karatasi ya nchi yoyote, kwa hiyo sikuweza kuvuka mpaka hata kuzika. Sasa pasipoti ninayo, inasema Mkenya. Kitabu cha wageni cha hapa kina safu ya kabila. Nikaandika Mmakonde. Binti wa mapokezi, Getrude, akatazama kitabu, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama nimekosea.

Gesti hii aliitafuta Shakila, mke wa mwanangu Ashiru, kwenye simu. "Rafiki kwa Waislamu, bei nafuu." Picha ya msala, picha ya mwezi na nyota. Basi niandike nilichokikuta. Mapokezi kuna friji la bia refu kuliko mimi, na juu ya friji — juu ya friji la bia! — wameweka Msahafu. Nikauliza kulikoni. Getrude akasema hapo ndipo pasipofika vumbi.

Chumbani kuna mshale wa kibla darini. Unaelekea machweo. Nimekaa pwani karibu maisha yangu yote, najua kibla cha upande huu wa dunia ni kaskazini. Getrude kaeleza kwamba fundi aliuelekeza mlangoni ili mgeni asipate taabu.

Chooni karatasi tu. Nikaomba kopo. Nikaletewa glasi ya bia.

Jumatano, 6 Novemba. Masasi

Nimezunguka tangu asubuhi. Msimu wa korosho, kila kitanda kimelaliwa na wanunuzi na madereva wa malori.

Gesti ya kwanza, mhudumu aliniuliza nataka chumba cha kulala au cha kupumzika. Nikauliza tofauti ni nini. Alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi wa miaka sitini na tisa, na fimbo yangu, na baibui!

Ya pili, safi, maji yapo. Jikoni kuku na kitimoto, yaani nguruwe, wanakaangwa karai moja. Mpishi akaniambia nisijali, kuku amechinjwa na Mwislamu kabisa, tena anayeswali. Na mafuta je? Akasema mafuta hayana dini.

Ya tatu ya Mwislamu mwenzangu, ndevu nzuri, salamu ndefu. Mume wangu yuko wapi? Kaburini, nikamwambia. Basi nimlete mwanaume mwingine wa kunidhamini. Nikamwuliza anadhani nitafanya nini humo ndani na magoti haya. Hakucheka.

Nimerudi kwa Getrude, chini ya mshale wa uongo. Naswali nikiupa ubavu.

Jioni nikampigia Paulina. Tumezungumza kwa simu miaka miwili sasa, uso wake sijauona tangu hajaota meno. Kasema tena: kitanda kimetandikwa, njoo. Nikasema tena: siwezi. Nyumba yake huko Mnyambe msimu huu ni mapipa ya uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Anakamua mabibo, anachachusha, anauza; ndiyo kazi yake tangu awe mjane. Nitaswali wapi, kati ya pipa na pipa? Nikamwambia nitafikia gesti ya Newala, mchana nije kumtazama.

 Akajibu: "Mgeni wa kushinda simtaki, dada. Wa kushinda ni wale wa sensa." Akanikumbusha alivyokuwa mama: ndugu akirudi kutoka mbali, usiku wa kwanza halali peke yake. Wanalala mkeka mmoja mpaka kuche. Kasema Jumapili, akitoka kanisani, atanifuata mwenyewe nitakakokuwa, na mkeka wake. Nimtajie jina la gesti tu.

Sauti yake ni ya mama. Hilo hakuna aliyenionya.

Alhamisi, 7 Novemba. Newala

Nimeipata!

Nimeipata karibu na msikiti. Mwenye gesti ni haji mmoja; msimamizi wake kijana, Awadhi, kanipokea kwa shikamoo kabla sijakanyaga ngazi. Hakuna friji. Hakuna redio. Chooni kopo, na ndoo imejaa, na hapa juu maji ni shida, najua. Mama alikuwa akiyafuata bondeni tukiwa bado usingizini. Kibla kimechorwa kwenye saruji ya sakafu, kaskazini kamili. Shuka zinanuka jua.

Kijana akauliza nakaa mpaka lini. Jumanne asubuhi, basi la kurudi. Nikamwambia Jumapili atakuja mdogo wangu kulala nami. Akasema karibuni sana, ndugu wa mgeni ni mgeni.

Nimempigia Paulina nikamtajia jina. Kalijua. Kasema, "Ah, kwa haji," basi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeswali Ijumaa Newala. Nililia kidogo. Wali wa kuku, mchinjaji anajulikana. Sina la kulalamika.

Baadaye. Ninalo! Nimetoka tu kuswali isha, ukumbini wanaume watatu wa mnada wa korosho, wamelewa uraka, mmoja ameegemea mlango wangu akiimba. Harufu hiyo tamu iliyooza, imeingia mpaka kwenye msala. Awadhi anawaomba kwa adabu. Kwa adabu! Nikatoka na fimbo. Nikawaambia wanayostahili kuambiwa, wakaondoka wakiniita komandoo.

Kisha nikamgeukia kijana. Gesti ya Waislamu ni nini? Ni msala na kopo tu, kisha mlevi aingie? Anajitetea: wengine ni wenyeji, wengine jamaa wa haji, yeye ataanzaje kumkatalia mtu mzima? Angepata mkubwa wa kulisema, angesimama nalo. Nikamwambia amempata.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi nimemwandikia tangazo mwenyewe, kwa mwandiko wangu, herufi kubwa: ANAYENUKA POMBE ASIVUKE KIZINGITI HIKI, AWE MGENI AWE NDUGU. Hilo la ndugu nimeliongeza mimi, kwa sababu ya jamaa wa haji. Awadhi kalisoma mara mbili, akalibandika mlangoni, akasimama mbali kulitazama. Haji mwenyewe kapita adhuhuri, kaniombea dua.

Juzi na jana nimelala kama mtoto. Nilikuwa najua kwamba mahali pa namna hii papo, ila watu hawasemi wanachotaka.

Paulina kapiga. Anamalizia kukamua ili kesho awe huru. Kauliza nakula muhogo wa kuchemsha au nimeshakuwa mtu wa pwani.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika nimekaa ukingoni mwa kitanda.  Nimeingia kuchukua msala. Ndivyo nilivyowaambia.

Amekuja. Nilimwona dirishani akipanda ngazi: mkeka kichwani, kapu mkononi, kitenge cha kanisani. Mwendo wa mama, bega moja chini. Nikasahau fimbo. Nilipofika ukumbini Awadhi ameshasimama mlangoni, mikono kifuani kwa heshima, anaeleza kitu.

Harufu niliisikia kabla sijamgusa. Imo kwenye nywele, kwenye mkeka, kwenye ngozi. Viganja vyake vyeusi kwa maji ya mabibo, weusi ule usiotoka kwa sabuni.

Awadhi kanigeukia, kaniomba radhi. Nikamwambia huyu ndiye mdogo wangu niliyekwambia, ampishe. Kasema anajua, mama, lakini. Nikasema hajalewa, mtazame! Kasema hajasema amelewa. Akatazama chini. "Ni maneno yako, mama. Umeandika hata ndugu. Jana nimemrudisha mpwa wa haji kwa karatasi hii. Leo nikimpitisha wako, nitamwambia nini?"

Nimemwita majina. Nimemwita karani wa mkoloni. Nimesema haji nitamtafuta mimi. Kavumilia yote, hakusogea. Ningekuwa mama yake ningejivuna naye, na hilo ndilo linalonichoma.

Paulina alikuwa anasoma tangazo, taratibu, kwa kidole. Kauliza huu mwandiko wa nani.  Akanitazama — uso wa mama, lakini umezeeka kama wangu — ndiyo mara ya kwanza tunatazamana, na imekuwa hivi.

"Dada, mimi uraka sijawahi kuuonja hata siku moja. Nimesomeshea watoto wanne."

Nilitaka kusema najua. Sikuwa najua. Sikuwahi kuuliza.

Nikasema ngoja, nikachukue msala. Kuchukua msala niende nao wapi? Sikusema. Begi langu liko hapa miguuni, halijafungwa. Mnyambe yako yale mapipa. Hapa kuna kibla kwenye saruji. Nimezunguka miji miwili kutafuta chumba hiki, na chumba kimefanya kila nilichokitaka. Nina hasira na Awadhi. Nina hasira na Shakila na simu yake, na fundi wa mshale, na yule mwenye ndevu. Nikiwamaliza wote bado hasira imebaki, na mwandiko ule uko mlangoni.

Kutoka hapa dirishani naona baraza la nje. Paulina hajaondoka. Ametandika mkeka chini, nje ya kizingiti, sentimita chache tu. Awadhi kamfuata, funguo mkononi, nasikia anamwambia kwamba barazani pia wageni hawalali, haji hapendi.  Paulina anamuuliza jambo jingine.

"Baba, ninyi mnaelekea wapi mkiswali?"

 Awadhi kanyoosha mkono kaskazini.

Paulina kainuka, kaushika mkeka kwa pembe, kaugeuza uelekee huko. Kaukung'uta. Kakaa upande mmoja kabisa, kapu mapajani, akauacha upande wa mbele mtupu, kiasi cha msala. Mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Awadhi bado amesimama, hajui amwondoe au ampishe, na sasa wote wawili wanatazama dirisha langu.