Mawe ya Kaburi la Babu

Jumanne, 7 Agosti 1956
Viazi baridi tena, chai bila sukari, kisha miguu. Ilula tumeiacha jana. Kaka Zakaria anatangulia na Biblia kwapani, mimi nyuma na mzigo wote. Katekista habebi sufuria, ebo! Sikuomba likizo Mbeya nije kuwa punda wake.
Jumamosi mpima ardhi anapanda kwenye boma la babu kilimani. Serikali inataka kilima hicho kipandwe miti ya miwati. Jumbe katuambia wazi: onyesheni kaburi la ukoo wenu, kilima kitabaki chenu. Babu alizikwa ndani ya boma. Baba hayupo tena, anayepajua ni Kaka peke yake.

Jumatano, 8 Agosti
Tumepotea mara mbili. Kaka anasema njia imebadilika. Uongo, anazunguka makusudi. Anaogopa nini? Nina hasira hata ugali haupiti. Baridi kali.

Alhamisi, 9 Agosti
Tumefika. Kuta za mawe, nyingine zinafika kifuani, nyingine zimelala. Lango. Jiwe la kusagia. Vigae vya vyungu. Baba alizaliwa hapa! Machozi yalinitoka.
Nikasema, haya Kaka, kaburi liko wapi? Akakaa chini.
"Halipo. Nililivunja."
Mwaka aliobatizwa. Alipanda na wenzake wawili, wakayatawanya mawe, wakaung'oa mti uliopandwa kichwani pa kaburi, ili watu waache kutambika. Alijiona shujaa. Leo hajui hata ni upande gani.
Nimemtukana kwa Kihehe, matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Siku zote hizi anajua, ananiacha nipande na mzigo wote! Ningekuwa na fimbo ningempiga, kaka au si kaka.

Ijumaa, 10 Agosti
Sisemi naye. Nimebeba mawe tangu asubuhi, nimepanga kaburi karibu na ukuta wa mashariki. Limekaa vizuri. Nani atajua? Kucha mbili zimeng'oka. Yeye anatazama tu.
Jioni nikamwambia: umebomoa, kesho ujenge kwa neno moja tu mbele ya mpima ardhi: "Ndiyo", basi.

Jumamosi, 11 Agosti
Mpima ardhi kaja na jumbe na karani. Mimi mwanamke hakunitazama. Akamwuliza Kaka, maana katekista hasemi uongo: hili ni kaburi la babu yako?
Nikamkanyaga mguu.
"Hapana, bwana. La babu nililivunja mwenyewe. Mahali sipajui."
Karani akaandika. Wakapigilia vigingi, wakashuka. Kilima kimekwenda. Alipovunja kaburi la mzee wetu hakuona dhambi, leo neno moja ndilo dhambi! Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Jumapili, 12 Agosti
Ukungu. Nimeamka, Kaka hayupo penye moto. Yuko ndani ya boma, amepiga magoti, anang'oa nyasi kwa mikono na kugeuza jiwe moja moja. Mpima ardhi keshashuka, hakuna wa kumwonyesha kaburi tena.
Ilitupasa kuwa njiani kuwahi basi. Nimepika uji, nikamwita. Hakuja. Nikampelekea, nikauweka karibu naye. Kisha nikaenda upande wa pili wa boma, nikaanza kung'oa nyasi.