Shokamzoba za Pikapu ya Baba Mwita

Jumatatu, 1 Julai 1957

"Funga mdomo, Mwita. Mtu anayekaa mbele kwenye kiti laini hana la kusema kuhusu gari." Ndivyo nilivyomwambia mwanangu asubuhi, mke wake akisikia. Na asikie.

Eti pikapu ni nzima. Nzima kwake yeye. Mimi nakaa nyuma kwenye bodi pamoja na kuku, kwa sababu anayeiendesha ni mume wa binti yangu Bhoke, na mama mkwe hakai kiti kimoja na mkwe wake. Hatutazamani usoni. Hatusemezani. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Jana tukirudi kanisani nilirushwa kama bisi kwenye kikaango. Mgongo wote unauma.

Zamani nilikaa mbele. Marehemu mume wangu, Baba Mwita, aliinunua kwa Mzungu wa dhahabu kule Nyakunguru, Mzungu alipochoka na mashimo yake. Akaja nayo hadi hapa Kisaka akipiga honi njia nzima, ng'ombe wa watu wakatawanyika. Nikamtukana. Halafu nikapanda. Mkono wake mmoja kwenye usukani, mwingine nje ya dirisha na kiko chake. Kile kiti bado kinanuka tumbaku. Naisikia nikipita karibu na mlango.

Jumanne, 2 Julai

Habari mbaya kutoka Ringwani. Dada yangu Wankuru ameanguka akitoka kuteka maji. Nyonga. Hasimami. Wanawe wote wako mashambani kwa Wazungu, nyumbani amebaki peke yake na jirani anayemletea uji. Ametuma neno: anataka kuja kukaa kwangu.

Atakuja. Lakini mtengeneza mifupa amesema asitikiswe, akitikiswa mfupa utaachana tena na hatatembea maisha yake yote. Na gari ni hili.

Jumatano, 3 Julai

Nimeamuru pikapu ikaguliwe. Mume wa Bhoke akaingia chini yake. Mimi nilisimama upande wa pili, nikaona viatu tu. Bhoke katikati.

"Mwulize mumeo, gari linaumwa nini."

"Mama anauliza gari linaumwa nini."

"Mwambie mama, springi ndizo zinabeba, shokamzoba ndizo zinatuliza. Za nyuma zimemwaga mafuta yote. Hakuna wa kutuliza."

Tulikuwa karibu kiasi cha kupeana ugoro. Bhoke akachoka, akasema kinywa chake si cha kukodisha. Nikamwambia aendelee, nilimzaa kwa uchungu.

Kisha mkwe akakandamiza bodi kwa kifua, akaachia. Gari likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, kama beberu juu ya jike. Watoto wakacheka. Nikawafukuza.

Alhamisi, 4 Julai

Tumegombana mimi na Mwita. Kwa Mhindi wa vipuri Musoma kuna shokamzoba za aina mbili zinazoingia kwenye gari letu. Nene, ngumu, za watu wanaobeba mizigo mizito. Na nyembamba, laini. Mwita anataka nene. Ana pamba ya kupeleka, na anataka kubeba ya majirani pia. Eti gari ni la kazi.

Mimi nikasema dada yangu si furushi la pamba.

Akasema gari likiweza kubeba pamba yote ile litashindwaje kubeba bibi kizee mmoja mwembamba. Nilitafuta mwiko nimpige. Ana mvi tayari, lakini ningempiga.

Baba yake hangejibu hivyo. Baba yake alikuwa akisimamisha gari kila mara alipoona mwanamke ana mtungi kichwani. Nilikuwa namwonea wivu, namwuliza wote hawa ni dada zako? Anacheka tu, kiko kinatoa moshi.

Jumamosi, 6 Julai

Mwita amerudi kutoka Musoma. Nene. Amenunua nene! Nilimwambia nyembamba na akanunua nene.

Zimefungwa mchana huohuo. Mwita na shemeji yake wakakaa mbele, wakazunguka, wakarudi meno yote nje. Gari limetulia, mama, limekuwa jipya.

Sikubishana. Nikachukua kibuyu kikubwa cha maziwa, nikakilaza kwenye majani makavu nyuma, pale pale atakapolala dada. Nikasema nendeni hadi kijitoni mrudi.

Walirudi bodi jeupe. Kibuyu kimepasuka. Kile cha mama yangu.

Mwita alitazama miguu yake. Bhoke akaenda kuleta maji ya kuosha. Hapo hapakuwa tena na wa kupitisha maneno. Mume wa Bhoke akamgeukia mbuzi wangu aliyefungwa kwenye kichaka.

"We mbuzi," akasema, kwa sauti ya kunifikia, "shokamzoba hizi si mbovu, ila zinataka gari lijae. Likiwa tupu zinapiga kama mawe. Mwenye gari angesema nikabadilishe, ningekwenda kesho."

Nikamwambia yule mbuzi: "Mwenye gari amesema."

Mbuzi akaendelea kula. Huyo ndiye mwenye adabu hapa nyumbani.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekaa na vipande vya kibuyu.

Mama yangu naye alipanda pikapu hii. Nyuma, kwenye bodi, kwa kuwa baba Mwita alikuwa mkwe wake. Mimi mbele nimejaa kama malkia, mama nyuma na kibuyu chake mapajani. Kila mama alipotaka kupanda, baba Mwita alitia magunia ya mchanga nyuma. Nilidhani ni kwa ajili ya tope. Lakini alitia hata kiangazi. Mama akishuka alisema gari la mkwe wake linakwenda kama mtumbwi, halimwagi hata tone. Hakuwahi kumwambia mwenyewe. Angemwambiaje?

Wamekufa wote wawili hawajasemezana.

Jumanne, 9 Julai

Mhindi alikubali kubadilisha, hazikuwa na mkwaruzo. Nyembamba zimefungwa. Mwita ananuna, pamba yake itakwenda kidogo kidogo. Na pamba inune naye.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi nilikuta magunia ya mchanga yamepangwa nyuma, majani makavu juu, blanketi juu ya majani. Nilimwuliza Bhoke nani ametia mchanga. Akasema, mama, unamjua. Mimi sikuwa nimemsimulia mtu habari za mchanga.

Tumemleta Wankuru. Nilikaa nyuma naye, kichwa chake mapajani mwangu, kibuyu kipya cha maziwa pembeni. Pale penye makorongo nilifumba macho. Gari likashuka taratibu, likapanda, likatulia. Dada hakulia. Aliuliza kama bado tuko njia ile tuliyokuwa tukipita na mama kupeleka ulezi, nikasema ndiyo. Akataja mawe yote kwa majina tuliyoyapa tukiwa wasichana. Moja nilikuwa nimelisahau. Halafu akalala.

Tulipofika, mkwe alishuka, akageuza uso hadi tulipomwingiza dada ndani. Nilimimina maziwa ya kile kibuyu kwenye kata ya kunywea, nikaiweka juu ya kiti cha dereva, nikaondoka. Baadaye niliikuta tupu, imeoshwa.

Dada anakoroma sasa. Kama zamani.

Mwita aoshe gari kesho. Mchanga usishushwe.