Tulibomoa Ukuta, Sasa Tunaitwa Matajiri

...na ndivyo ilivyo, mshauri wangu mpendwa, tangu simu yangu ikatike kwenye kipindi chako cha redio nikiwa bado namsifu mume wangu, raha imezidi na balaa nalo limeingia, naomba unishike mkono. Mimi nashona mapazia, yeye anatengeneza makochi, vibanda vyetu vilikuwa ubavu kwa ubavu, na tulipooana tu akasema hawezi kushinda kutwa nzima bila kuniona, akabomoa ukuta wa katikati, nami nikalia kwa furaha huku vumbi limenijaa kichwani. Kumbe tunajiponza, maana hapa sokoni wafanyabiashara hupangana wenyewe madaraja ya kodi, unasimama mbele ya wenzako nao wanaamua wewe mkubwa au mdogo, na sisi kwa kuwa sasa tuna kibanda kimoja kipana tumewekwa daraja la wakubwa, tulipe zaidi kuliko tulivyokuwa tukilipa wawili kwa jumla, itabidi nimwachishe kazi mama anayenisaidia kushona.

Aliyeshikilia zaidi ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, fundi viatu. Alisema, "Maharusi wamenona, wabebe mzigo," watu wakacheka. Yeye ana nyumba tatu za kupangisha, lakini sokoni wanakijua kigoda chake tu, akawekwa wadogo. Mume wangu kwa roho yake nyeupe anasema tunyamaze, undugu kwanza. Kikao cha malalamiko kinakaribia, nikisema nitaitwa mke aliyekuja kuvunja familia. Kweli sisi ndio matajiri?

Bibi Harusi wa Mapazia

JIBU

Hongera, bibi harusi, ila punguza sukari, barua yako inanata.

Tajiri hapimwi kwa upana wa kibanda. Wewe ukilala na homa, pazia halijishoni. Shemeji yako akilala, wapangaji wanalipa vilevile. Huyo ndiye wa kuongezewa, hata akivaa ndala zilizotoboka. Siku mtakayopata zaidi, nanyi mlipe zaidi bila kununa.

Kosa lenu ni kubomoa bila kuwaambia wenzenu kwamba biashara bado ni mbili. Waambieni, na ukuta msiurudishe. Ukimya huo mumeo anauita undugu, mimi nauita woga, na atakayeugharamia ni yule mama wa kushona.

Shemeji asiyasikie haya kwa mara ya kwanza kikaoni. Nendeni kwake kwa adabu, na mumeo ndiye aseme: "Kaka, zitaje nyumba zako mwenyewe, la sivyo tutazitaja sisi." Wewe funga mdomo siku hiyo. Akikataa, kikaoni simama uzitaje, kisha keti. Matusi hapana.

Nitapita hapo sokoni kabla mwezi haujaisha, mnieleze alijibu nini.