Programme ya mariage na commentaire ya mujomba

Nono, aksanti sana kwa ile code yako. Kazi ya bantu ba akili!

Niliandika programme ya mariage ya yaya Céline, dada yangu mukubwa, mara moja tu, code ikatosha page web na PDF. Ku page web ma-commentaires yangu ya siri, maneno ya kujikumbusha mi mwenyewe, ilifichama muzuri. Basi nikapeleka PDF ku imprimerie juu ichapwe, bila kuiangalia. Mi, ingénieur muzima!

PDF ilitosha ma-commentaires yote inje. YOTE, Nono!

Chini ya "Discours: mujomba Chishimba" niliandikaka: "Akianza kurefusha maneno, DJ akate micro."

Siku ya mariage, nani alisoma? Mujomba mwenyewe, ule mwenye atasimamia mariage yangu mwezi wa nane. Ku micro. Mbele ya bantu bote.

"DJ akate micro." Polepole, kama Injili.

Kisha akaniangalia: "Mutoto yangu, mariage yako mi nitaiangalia ku page web."