Kabla Hujapanda Jukwaani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana najua goti lako halipatani na asubuhi. Je, ile dawa ya kuchua imekusaidia? Na macho, bado unatunga uzi kwenye sindano bila kumwita jirani? Wanao na wajukuu wasalimie mmoja mmoja kwa zamu yake. Usiwasalimie kwa jumla kama watu wa mkutano. Mimi sijambo kwa kiasi cha umri wangu. Presha hupanda na kushuka kama mgeni asiyejua nyumba anayoitafuta, lakini nalala, naamka, nakwenda kazini. Pale masjala bado wananihitaji, kwa kuwa nimebaki peke yangu ninayejua faili gani lilikaa wapi kabla ya mafuriko.

Barua yako niliipata Jumatatu. Unasema watu wa kampeni walikuja kwenye chumba chako cha kushonea, wakasogeza sare za wanafunzi wakapata pa kukaa, wakakuomba Jumamosi upande jukwaani kama mjane wa shujaa, useme kwamba marehemu angekuwa hai angempa kura Afande Songa. Umeniuliza: kaka, nipande au nisipande? Swali lako ni la mstari mmoja, jibu lake lina umri wa miaka thelathini na moja. Nivumilie. Unanijua, siwezi kumwonyesha mtu mlango bila kumweleza habari za fundi aliyeuchonga.

Nianze na Afande mwenyewe, nisije nikamwonea. Alipotoka jeshini aliingia halmashauri, na leo ni mwenyekiti wetu kwa kipindi cha tatu. Bomba la maji la mtaa wa chini ni kazi yake. Zahanati iliyokuwa ikivuja hadi wagonjwa wakahamisha vitanda wenyewe, leo ina paa, na paa hilo alilipigania yeye. Ndiye aliyenitafutia kazi masjala wakati natembea na bahasha ya vyeti mpaka ikachanika pembe zote. Sasa anataka ubunge, na wasemao husema akiupata hatakawia kuwa waziri. Kampeni yake yote imesimama juu ya neno moja. Yeye husema songa, uwanja mzima huitikia mbele. Kinyozi wetu, ukimaliza kunyolewa ukajisahau kwenye kiti, anakwambia songa, mzee, Afande ameshasema.

Asili ya neno hilo unaijua jinsi inavyosimuliwa. Asubuhi ile vitani, Afande akiwa kamanda wetu, amri ilikuja redioni: songeni. Kikosi chetu cha watu thelathini na wawili kikatoka handakini, kikavuka uwanja mtupu kuelekea kiwanda cha matofali walimojificha adui, na kiwanda kikatekwa. Watu kumi na mmoja hawakurudi, na mumeo alikuwa mmoja wao. Afande alipata nishani na mguu wa kuchechemea. Wewe ulipewa bendera iliyokunjwa, ukiwa na mimba ya miezi sita.

Jumanne Afande alikuja masjala pamoja na meneja wake wa kampeni, bwana mmoja wa simu mbili ambaye huongea na wewe huku akiangalia zote. Walitaka niwaandikie maneno utakayosema wewe, sentensi nne, tano zikizidi, kwa kuwa nina mwandiko na ninakujua. Meneja akasema mjane akilia kidogo si vibaya, ila asilie sana, watu wasije wakadhani wameitwa msibani wakaanza kuulizana maziko saa ngapi. Akacheka peke yake. Afande alimwambia akaangalie gari, naye akauliza gari lina nini, akaambiwa kaliangalie tu. Mlango ulipofungwa, Afande akakaa juu ya kile kigoda ninachopandia kufikia rafu za juu, akanyoosha mguu wake mbovu. Aliniambia kwamba anajua ninachokiwaza kila anapoliita lile neno, kwa sababu hata yeye hukiwaza. Kisha akasema, mzee mwenzangu, ukweli ule haumrudishii mtu mume. Utamnyang'anya dada yako shujaa wake, abaki na maiti tu.

Maneno hayo ndiyo niliyojiambia mwenyewe miaka yote hii. Alipoondoka nilichukua kalamu, nikaandika sentensi ya kwanza. Ya pili ilikataa.

Sasa tulia unisome. Kwamba mimi ndiye niliyekuwa mtu wa redio katika kikosi kile, hilo unalijua. Yaliyobaki huyajui. Yatamke polepole maneno haya mawili: ngojeni, songeni. Yote yana silabi tatu, yote yana ile ng na ile o, yote huishia mahali pamoja. Yapitishe kwenye redio kuukuu inayokoroma kama mtu mwenye mafua, betri zake zimelowa, na herufi zitapukutika njiani. Kinachofika ni mlio, na msikilizaji hujazia kile anachokitarajia. Sisi tulikuwa tumekaa handakini siku nne, miguu imeoza ndani ya buti, na kila mmoja alitarajia kusonga. Niliandika songeni katika daftari, nikampelekea Afande. Mpaka hapo ni kosa, na kosa mtu huliungama akasamehewa.

Lakini baada ya kama dakika kumi redio iliita tena. Yule wa upande wa pili alikuwa ameingiwa na wasiwasi, kwa hiyo akalitaja neno herufi kwa herufi: N, G, O, J, E, N, I. Mizinga ya kutukinga ilikuwa imekwama njiani, tuingoje ifike. Niliandika, nikakimbia kwa Afande. Aliusoma ule ujumbe, akawatazama watu waliokwisha kujipanga ukingoni mwa handaki, mikanda imekazwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba askari akishakubali kufa, ukimkalisha hainuki tena, na kwamba jua likipanda tutaonekana sote. Akaniambia nichane ukurasa ule. Nikauchana, nikaukanyagia matopeni.

Kisha akaja shemeji. Umeniuliza mara nyingi kama marehemu aliacha neno, nami kila mara nimekujibu kwamba nafasi haikuwepo. Ilikuwepo. Alichuchumaa kando ya redio, akanigonga bega, akasema kwa utani wake ule kwamba, shemeji, mimi nilioa kwenu kwa kuyaamini masikio yako, uliposema umemsikia dada yako akikubali, haya, umesikia sawasawa? Nami, nikiwa na ule ukurasa chini ya buti, nikamwambia nimesikia. Akasema basi, akainuka.

Mizinga ilifika saa nne, wakati sisi tukiwa tunawapanga maiti kando ya tanuri la matofali. Mwezi uliofuata jeshi zima lilipigwa marufuku kusema ngojeni redioni, ikaamriwa kila mtu aseme tulieni. Wengi waliona ni vituko vya wakubwa. Mimi na Afande hatukutazamana.

Hilo ndilo jibu langu, mdogo wangu. Sikuambii upande wala usipande, maana nimekuamulia ya kutosha kwa kunyamaza. Ukitaka kumpa kura kwa ajili ya bomba na paa la zahanati, mpe. Wako wagombea wabaya kuliko yeye, na baadhi yao nimewafungulia faili mwenyewe. Ila usiseme kwamba mumeo angefurahi. Mumeo aliuliza swali moja kabla ya kufa, na kaka yako alimjibu uongo.

Ushahidi sina. Ukurasa uliozea palepale nilipoukanyaga. Nina mdomo wangu na sahihi yangu, na ndiyo maana nimeandika kwa wino. Ukipenda kuwasomea watu barua hii, wasomee yote, usiruke sehemu yangu. Na sehemu yangu usiipunguze mbele ya mwanao mkubwa, ambaye kwa miaka yote amekuwa akinililia nimsimulie baba yake alikuwa mtu wa namna gani.

Angalia goti. Usikae kwenye cherehani mfululizo, inuka kila baada ya sare mbili. Nitakuandikia mwanzoni mwa mwezi kama desturi yangu, na bahasha zikirudi bila kufunguliwa nitazipokea bila kinyongo. Majirani wa huko wape salamu zangu, kama bado utataka kuzifikisha.

Ni mimi kaka yako,
aliyekuwa mtu wa redio,
Masjala, Halmashauri ya Mji

Nakala: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri (imepelekwa leo, kwa mkono wangu mwenyewe).