Gunia la Mkaa Ulioshiba

Jumamosi, magharibi. Ukungu umeshuka tangu alasiri na umekaa hapo hapo mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga.

Kiganja cha kulia kimeungua, ndiyo maana mwandiko umekuwa wa kuku.

Nianze na mkaa, maana bila mkaa hata mimi mwenyewe nikija kusoma haya sitaelewa.

Nyumba ya miche ninayofanyia kazi, zamani ilikuwa ya mzungu mwenye shamba, sasa ni ya kijiji. Ndani hakuna dirisha. Kuna taa, mabenchi, na yale maua madogo ya zambarau ambayo kwetu yanajiotea bure kwenye miamba ya msituni, lakini Ulaya watu wanayanunua na kuyafuga vyumbani kama paka. Wadudu wakizidi, Bwana Shamba anawasha dawa ya moshi iliyotengenezwa kwa tumbaku kali. Kisha feni inavuta ile hewa chafu na kuipitisha kwenye pipa lililojazwa mkaa katikati ya nyavu mbili. Mkaa unaikamata sumu, hewa inatoka nje safi. Upande wa pili wa ukuta ni chekechea ya kijiji, kwa hiyo pipa hilo si la mchezo.

Mkaa ukishiba haukamati tena. Hewa ya upande wa nje inaanza kunuka tumbaku, na hapo ndipo ninapoitwa mimi. Nautoa wa zamani, naanika mpya juani mpaka ukauke kabisa, nauchekecha vumbi lote litoke, nachagua vipande vya ukubwa wa plamu changa, najaza pipa na kuligongagonga ili pasibaki pengo. Wenzangu wananiita Bibi Mkaa. Nimezoea, na nikisema kweli, napenda kidogo.

Ule wa zamani lazima uzikwe, kwenye shimo linalofika magotini. Bwana Shamba aliniambia siku ya kwanza: usitupwe, usichomwe.

Shida ni kwamba mkaa ulioshiba sumu hauna alama. Ni ule ule, mweusi, mgumu, ukigonganisha vipande viwili vinalia. Tena tunatumia wa migunga kutoka Mnazi, kule chini kwenye joto. Huku juu tunapika kwa kuni za miwati, tunalia machozi asubuhi na jioni. Mkaa wa Mnazi kwetu ni kitu cha harusi.

Jana nilibadilisha. Wa zamani nikautia kwenye gunia, nikaliegemeza nyuma ya nyumba, shimo nikaliachia leo asubuhi. Lakini leo Jumamosi, siku ya shamba la ujamaa, na balozi wa nyumba kumi alipita alfajiri akigonga kila mlango. Mimi nani nibaki nyuma? Nikasema nitachimba nikirudi.

Niliporudi, gunia halipo.

Nilicheka! Mungu anisamehe, nilisimama na jembe begani nikacheka peke yangu. Mwizi wa takataka, nikasema. Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu Zaina, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikamchekeshe. Zaina amejifungua mtoto wa kike, hajatimiza hata wiki, na kama ilivyo desturi amefungiwa ndani na moto, usiku na mchana, baridi isimpate. Wanawake wanakuja kumwona, kila mmoja na mzigo wake wa kuni kichwani. Mzazi haendewi mikono mitupu.

Nilisukuma mlango, na harufu ikanipokea kabla ya watu.

Harufu ya kazini.

Chumba kilikuwa giza, dirisha limezibwa kwa kanga. Wanawake wanne kwenye mkeka, mmoja ameshika kichwa. Katikati jiko la mkaa, jekundu, zuri, bila hata uzi wa moshi. Zaina alikuwa ameinamia beseni anatapika. Mama yetu alikuwa amempakata mtoto, anatabasamu.

"Ona alivyotulia," Mama akaniambia. "Mpole huyu, hata kulia halii."

Sikumwamkia Mama. Sikumwamkia mtu yeyote. Sijui nilivukaje ule mkeka. Nilichojua ni kwamba jiko lilikuwa mikononi mwangu na mikono inaungua, halafu jiko likawa nje linafuka kwenye majani mabichi, nami nimerudi ndani nampokonya Mama mtoto.

Walipiga kelele. Moto wa mzazi hautolewi nje! Nani amewahi kuona? Mmoja alisema kwa Kishambaa, wala hakupunguza sauti, kwamba asiyezaa akiona mtoto wa mwenziwe akili humruka. Miaka yote ya ndoa yangu nimekuwa nikisubiri mtu aniambie hilo usoni. Leo limesemwa, na halikuniuma hata kidogo, kwa sababu mtoto alikuwa mlegevu mikononi mwangu kama kitambaa kilicholoweshwa.

Nilitaka kusema neno moja tu, sumu. Mdomo ukagoma. Nikatoka naye mbio kwenye ukungu, nimemfunua uso, nampepea kwa ncha ya kanga, nashuka kuelekea zahanati. Nyuma yangu nikamsikia Mama ananiita jina, na Zaina analia.

Ni pale kwenye daraja la magogo mtoto alipopiga chafya. Kisha akakunja uso wote, akafungua kinywa, akalia. Nilikaa chini kwenye tope.

Mganga wa zahanati nilimweleza yote, pipa, dawa, mkaa. Maneno yalikuwa yamerudi. Mama alikuwa amefika, amesimama mlangoni anahema, na alisikia kila kitu. Waliomshika Zaina mkono walichelewa; alifika baadaye, akalazwa chumba cha pili karibu na dirisha lililo wazi, akapewa mtoto anyonyeshe. Mganga alimsikiliza mtoto kifua muda mrefu. Akasema yuko salama, wote wako salama, lakini chumba kile kingefungwa mpaka jioni asingekuwa na la kusema. Akaagiza madirisha yafunguliwe na mkaa ule usiguswe.

Nilidhani mshtuko umeisha hapo.

Mama alinivuta nje, chini ya paa, akaangalia miguu yake. Ni mtu mkali, Mama, sijawahi kumwona akiangalia miguu yake.

"Nilipita pale nikaliona gunia," akasema. "Mkaa wa Mnazi, mwanangu, umetupwa. Nikajua mmeuacha. Nani anazika mkaa? Kwetu huzikwa watu."

Akashusha sauti.

"Wanawake walikuwa wanakusema. Kwamba mdogo wako amezaa, wewe hujaleta hata ukuni mmoja. Nikawaambia umeutuma wewe."

Ni kweli, sikuwa nimepeleka. Kila siku nilisema kesho, kazi nyingi. Mama yangu amebeba gunia lile kichwani, mlima ule, kwa magoti yale, ili jina langu lisichafuke.

Nilimshika mkono tu, kiganja changu kilichoungua kikiwaka moto.

Nilipoingia kumuaga Zaina, alikuwa amelala ubavu, macho yamezama lakini yanacheka. "Dada, ahsante kwa mkaa," akasema. "Usijali waliyosema wale. Tulikosea sisi kuziba dirisha. Nusu nyingine Mama ameniwekea uvunguni, nikirudi nitautumia."

Uvunguni!

Nilikimbia tena. Nimelitoa gunia huku wale wanawake wakinitazama nikiichukua zawadi ya mzazi kutoka chini ya kitanda chake. Nimezoa na uliomwagika kwenye majani. Shimo limepita magoti, limefika mapajani, na udongo nimeukanyaga mpaka Mama akaniambia basi.

Mama anaomba nimwambie Zaina kwamba mkaa ulikuwa mbichi tu. Najua anachoogopa. Lakini mtoto yule atakua, na nyuma ya nyumba ya miche kutakuwa na gunia jingine, na jingine. Nikinyamaza, kuna mwanamke atapita tena pale, mwenye baridi na roho nzuri.

Kwa hiyo kesho nakata miwati, mzigo mzito, naubeba kwa kichwa changu mwenyewe. Nitautua mbele ya wote, halafu nitasema: gunia lile niliacha mimi bila kulizika, na lilikuwa na sumu. Kwamba Mama ndiye aliyelibeba, hilo tutalisema wawili, mimi na yeye, kwa Zaina peke yake. Watakaonifikiria vibaya wanifikirie.

Zaina na mtoto wamerudi nyumbani sasa. Dirisha la Zaina liko wazi, na kutoka hapa namsikia mtoto analia, kwa hasira, bila kupumzika. Jirani mmoja amepaza sauti wamnyamazishe.

Wasimnyamazishe. Lia, mwanangu.